Baada ya Lango la Gereza: Biashara za Kijamii na Riziki ya Aliyetumikia Kifungo

Kwa miaka mingi mtu aliyemaliza kifungo chake katika magereza ya Uingereza na Wales alitolewa langoni asubuhi akiwa na mfuko wa plastiki wenye nguo zake, karatasi ya masharti ya kuachiwa kwake na paundi 46 za matumizi. Na kama siku yake iliangukia Ijumaa, jambo lililowapata wengi kwa kuwa waliotakiwa kutoka Jumamosi na Jumapili nao walitangulizwa siku hiyo, basi alikuwa na saa chache tu za kuzungukia ofisi ya nyumba, ofisi ya posho, zahanati na ofisi ya afisa wa probesheni kabla milango yote haijafungwa hadi Jumatatu. Zile paundi 46 zilipandishwa zikawa 76 mwaka 2021, na mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria inayoruhusu mtu wa namna hiyo atolewe siku moja au mbili kabla. Ni mabadiliko madogo, lakini yanatoa ushahidi mkubwa kwamba dola iliyokuwa hodari wa kufunga ilikuwa bado mwanafunzi katika kazi ya kufungua.

Hasara ya upungufu huo imepigiwa hesabu. Mwaka 2019 Wizara ya Sheria ya nchi hiyo ilikadiria kwamba makosa yanayotendwa tena na watu waliokwisha kuadhibiwa huigharimu jamii paundi bilioni 18.1 katika muda wa mwaka mmoja, na fedha hizo hutoka kwa mwenye duka aliyevunjiwa, kwa polisi, kwa mahakama, na kwa mlipa kodi ambaye hajawahi hata kuliona gereza kwa macho yake. Kwa hiyo hata mtu asiye na chembe ya huruma kwa mfungwa, anayeamini kwamba kila mtu avune alichopanda, ana maslahi yake mwenyewe katika swali la nini hutokea baada ya lango kufunguliwa.

Katika pengo hilo, baina ya lango la gereza na mlango wa mwajiri, ndipo zilipojitokeza biashara za kijamii. Hizi ni biashara kweli, zenye kununua na kuuza, zenye wateja wanaolalamika na vitabu vya hesabu vinavyokaguliwa, ila faida yake hairudi katika mifuko ya wenye hisa bali hurudishwa katika kusudi lililoziasisi. Nyingine zimesajiliwa kuwa asasi za hisani zenye mkono wa biashara, nyingine kuwa kampuni za manufaa ya jamii, aina iliyofunguliwa mlango wa kisheria nchini humo mwaka 2005. Nionavyo mimi, zimefanya jambo ambalo serikali kwa tabia yake haiwezi kulifanya vizuri, nalo ni kumjua mtu kwa jina na kukaa naye mpaka upande wa pili wa ukuta; lakini kwa sababu iyo hiyo haziwezi kuwa kubwa, na kila serikali ilipojaribu kuzitwisha mzigo wake mzima, mzigo ulianguka pamoja na mbebaji.

Shilingi tano za mpiga chapa

Tusidhani kwamba kuingia kwa watu wasio wa serikali katika kazi hii ni uzushi wa zama zetu. Huduma ya probesheni yenyewe, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunaijua kwa sura ya ofisi ya serikali kando ya mahakama, ilianzia katika mkono wa raia. Mwaka 1876 mpiga chapa mmoja wa Hertfordshire, Frederic Rainer, aliyechoshwa na kuona watu wale wale wakipelekwa mahakamani kwa ulevi na makosa madogo, wakifungwa, wakitoka na kurudi tena, aliiandikia jumuiya ya Kanisa la Uingereza iliyokuwa ikipiga vita ulevi, akatia ndani ya barua shilingi tano, na kuomba ianzishwe kazi ya kuwaokoa watu hao mahakamani. Jumuiya ikawaweka wamisionari katika mahakama za polisi za London, nao wakawa wakisimama mbele ya hakimu na kumwomba amwachie mtu fulani chini ya uangalizi wao badala ya kumpeleka jela.

Miaka 31 baadaye, kwa sheria ya mwaka 1907, dola iliichukua kazi hiyo na kuipa msingi wa kisheria, ikawaagiza maafisa wake wampe mkosaji ushauri, msaada na urafiki. Neno hilo la mwisho ni la ajabu kulikuta katika sheria yoyote, nalo ni masalio ya asili ya hisani ya kazi yenyewe. Sheria za namna hiyo ndizo zilizovuka bahari na kutungwa upya Kenya na Tanganyika katika zama za ukoloni, na kwa nasaba hiyo afisa wa probesheni wa Mombasa au Dodoma ni mjukuu wa zile shilingi tano.

Mkahawa ndani ya ukuta

Mwaka 2009, katika gereza la High Down kusini ya London, ulifunguliwa mkahawa uitwao The Clink, uliobuniwa na Alberto Crisci, mpishi aliyekuwa akisimamia jiko la gereza hilo na ambaye alikuwa ameona vijana wenye mikono mizuri ya kazi wakitoka bila ya kuwa na mtu wa kuwapokea. Mwaka 2014 ukafunguliwa mwingine katika gereza la Brixton, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 19, ndani ya nyumba iliyokuwa zamani makazi ya mkuu wa gereza. Raia wa kawaida huweza kwenda kula hapo, ila sharti aweke nafasi mapema, jina lake lichunguzwe, aje na kitambulisho, na simu yake aiache langoni. Akiketi mezani hukuta kitambaa cheupe na chakula kilichopambwa kama cha hoteli kubwa, lakini visu na uma ni vya plastiki, na hakuna tone la mvinyo. Aliyevaa shati safi na kusimama kando yake na kalamu ya kuandika anachotaka ni mfungwa, na mpishi ni mfungwa, na anayeosha masufuria ni mfungwa.

Sahani hiyo hujaribiwa na mtu asiyelazimika kuipenda. Gerezani chakula hakina mteja. Kikiungua, huliwa hivyo hivyo. Hapa mgeni amelipa fedha yake, na chema chajiuza, kibaya chajitembeza: mchuzi ukizidi chumvi hurudishwa jikoni, na kijana ambaye zamani angejibu ukali kwa ukali hulazimika kusema samahani, kuuchukua mchuzi na kuleta mwingine. Mafunzo ya kuistahimili aibu ndogo kama hiyo hayapatikani kwa hotuba za nasaha. Wanaochukuliwa ni wale waliobakiwa na miezi 6 hadi 18 ya kifungo. Huomba nafasi na kusailiwa kama waombavyo kazi watu walio huru, hufanya kazi wiki nzima, hufanyiwa mitihani ya vyeti vinavyotambuliwa na hoteli za nje, na wakitoka hupata mtu wa kuwafuatilia, anayejua kama wamepata chumba, kama wameamka kwenda kazini, na kama fedha ya nauli imekwisha kabla ya siku ya mshahara.

Ukiwauliza wenye uzoefu wa kazi hii ni kitu gani hasa kinachoponya, aghlabu hawatakutajia upishi, bali yule mtu wa kufuatilia. Ufundi hufundishwa katika karakana nyingi za magereza tangu zamani, na waliohitimu useremala gerezani wakarudi gerezani ni wengi. Kilichokosekana ni daraja la kumvusha fundi kutoka karakana ya kifungoni hadi karakana ya mtaani.

Kazi nyingine ni kimya zaidi. Lady Anne Tree, binti wa ukoo wa madyuki wa Devonshire aliyekuwa akiwatembelea wafungwa tangu ujana wake, alibishana na serikali kwa miongo kadhaa ili wafungwa waruhusiwe kuuza walichokifuma wakiwa seli na kupata fedha yake. Ruhusa ilipopatikana akaanzisha Fine Cell Work, iliyoanza kazi katika miaka ya 1990. Wanaoshona zaidi ni wanaume, baadhi yao wenye vifungo virefu, wakitarizi mito ya viti na mablanketi ya viraka kwa sindano na uzi katika zile saa ambazo mlango wa seli umefungwa na hakuna la kufanya ila kuhesabu matofali. Mwaka 2010 blanketi lililoshonwa na wafungwa wa gereza la Wandsworth liliwekwa katika maonyesho ya jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, pamoja na kazi za mafundi wa karne tatu. Malipo huwekwa akiba, na mfungwa huweza kutuma sehemu yake nyumbani. Wala si jambo dogo kwa baba aliyefungwa kumnunulia mwanawe viatu vya shule kwa fedha aliyoitolea jasho.

Fundi funguo

Sharti hapa tuitaje pia biashara isiyo ya kijamii kwa usajili wake, kwani ndiyo iliyozionyesha nyingine njia. Timpson ni kampuni ya familia iliyoanza Manchester katika karne ya 19, yenye vibanda vya kutengeneza viatu na kuchonga funguo katika miji karibu yote ya Uingereza. Mwaka 2002 James Timpson alitembelea gereza la vijana la Thorn Cross, akatembezwa na kijana mchangamfu mfungwa, akavutiwa naye, akamwahidi kazi akitoka. Tangu hapo kampuni imefungua karakana zake ndani ya magereza, na takriban mtu mmoja katika kila kumi wa wafanyakazi wake amewahi kufungwa. Wenye mzaha husema hakuna mahali pengine ambapo aliyefungiwa mlango hupewa mashine ya kuchonga funguo. Lakini mzaha huo umebeba jambo la kweli, kwa kuwa mteja anayemwachia mtu ufunguo wa nyumba yake amempa amana, na amana hiyo hupewa kila siku.

Baadhi yao huanza kabla ya kumaliza kifungo: hutoka gerezani asubuhi kwa ruhusa, hufanya kazi dukani, na hurudi jioni kulala. Hao hulipwa ujira wa kawaida, na kwa sheria ya mwaka 1996 iliyoanza kutekelezwa 2011, asilimia 40 ya kipato chao kinachozidi paundi 20 kwa wiki huweza kukatwa kwa ajili ya kuwasaidia waliodhulumiwa na uhalifu. Mwezi Julai 2024 James Timpson aliingizwa katika Baraza la Malodi na kufanywa waziri mwenye dhamana ya magereza na probesheni, ndipo mtu aliyekuwa akiliona gereza kwa upande wa mwajiri akatakiwa kulitazama kwa upande wa mwenye ufunguo.

Swali la ujira

Mkono mtupu haulambwi, na jambo ambalo wasifu wa biashara hizi hulipita haraka ni kiasi anacholipwa mfungwa anayefanya kazi ndani. Katika magereza ya Uingereza kiwango cha chini kilichowekwa kwa mfungwa mwenye kazi kimekuwa paundi 4 kwa wiki, na ingawa wengi hupata zaidi ya hapo, hakuna anayepata kitu cha kukaribiana na ujira wa mtaani. Kwa hiyo mtu akila chakula kizuri katika mkahawa wa gereza ana haki ya kuuliza kama anashiriki katika mafunzo au anafaidi jasho la bei rahisi. Jibu la insafu ni kwamba mafunzo yenye mwisho, yenye cheti na yenye ajira mbele yake, ni mafunzo. Na kazi isiyo na mwisho wala ajira mbele yake, hata ikiitwa mafunzo, ni jasho la bei rahisi.

Italia ilichagua njia nyingine. Sheria namba 381 ya mwaka 1991 iliunda vyama vya ushirika vya kijamii, na aina mojawapo lazima iwe na wafanyakazi wasiopungua asilimia 30 kutoka miongoni mwa wale wenye vikwazo katika jamii, wakiwemo wafungwa. Kisha sheria ya mwaka 2000, ijulikanayo kwa jina la seneta Smuraglia, ikawapa waajiri wa wafungwa nafuu ya kodi na ya michango. Katika gereza la Due Palazzi, mjini Padova, ushirika wa Giotto ulianzisha duka la mikate na keki ambalo panettone yake, ile keki ndefu ya Krismasi, hununuliwa na watu wanaotafuta utamu kwanza na hisani baadaye. Wafungwa wa ushirika huo hulipwa kwa mujibu wa mkataba wa ajira wa nchi, hulipa kodi, huchangia gharama ya kukaa kwao gerezani, na hutuma fedha kwa watoto wao. Tofauti ya nchi hizo mbili ni kwamba Italia ilikwisha kumhesabu mfungwa kuwa mfanyakazi, ilhali Uingereza ilimhesabu bado kuwa mwanafunzi. Na mwenye kuangalia kwa makini atakubali kwamba mwanafunzi asiye na mwisho wa masomo hana furaha kama mfanyakazi.

Serikali ilipotaka kununua kwa jumla

Sasa tufikie mahali penye ibra kubwa. Mwaka 2010, katika gereza la Peterborough, ulifanywa mpango uliokuwa wa kwanza wa aina yake duniani. Watu waliofungwa chini ya miezi 12 walikuwa wakitoka bila ya uangalizi wowote wa kisheria, na hao ndio waliokuwa wakirudi upesi zaidi. Wawekezaji 17, wengi wao mifuko ya hisani, walitoa paundi milioni 5, na asasi kadhaa ndogo zikaajiriwa kumpokea kila mtu langoni, kumtafutia chumba, kumpeleka kwa daktari na kumtembelea. Baadhi ya waliofanya kazi hiyo walikuwa wamewahi kufungwa wao wenyewe. Serikali iliahidi kuwarudishia wawekezaji fedha yao na faida kidogo ikiwa tu kurudia makosa kungepungua kwa asilimia 7.5. Hesabu ya mwisho, iliyotolewa 2017, ilionyesha kupungua kwa asilimia 9, na wawekezaji wakalipwa.

Kabla hata hesabu hiyo haijakamilika, serikali ilikuwa imekwisha kuvuta funzo lake, na ikalivuta vibaya. Waziri wa Sheria, Chris Grayling, alitaka kuitanua kanuni ya kulipa kwa matokeo ienee nchi nzima kwa mara moja. Mwaka 2014 bodi 35 za probesheni zikavunjwa. Waliohukumiwa kwa makosa ya hatari kubwa wakabaki mikononi mwa serikali, na waliobaki wakagawiwa kampuni 21 zilizotolewa kwa zabuni, ambazo tangu Februari 2015 zilimilikiwa karibu zote na mashirika makubwa ya biashara. Biashara za kijamii na asasi za hisani ziliahidiwa nafasi chini ya mashirika hayo, lakini asasi ndogo haiwezi kungoja miaka miwili ilipwe kwa matokeo wakati mshahara wa mfanyakazi wake wadai kila mwisho wa mwezi. Mwenye nguvu mpishe: nyingi zilipisha.

Yaliyofuata yameandikwa katika ripoti za wakaguzi. Wakati fulani baadhi ya waliokuwa chini ya uangalizi walikuwa wakipigiwa simu tu mara moja kila wiki kadhaa, na simu hiyo ndiyo iliyohesabiwa kuwa uangalizi. Februari 2019 mmoja wa wamiliki wa kampuni hizo alishindwa kifedha na kuwekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi. Mwaka huo huo mkaguzi mkuu, Dame Glenys Stacey, alihukumu kwamba mfumo wenyewe ulikuwa na kasoro isiyoweza kurekebishwa, na Mei 2019 serikali ikatangaza kuirudisha kazi hiyo mikononi mwake, jambo lililokamilika Juni 2021. Kazi iliyoanza kwa hisani, ikawa ya dola, ikauzwa, ikarejea kwa dola; na katika mzunguko huo wa miaka saba waliopoteza zaidi ni wale ambao hawakupiga kura katika uamuzi wowote.

Wala haifai kusema kwamba Peterborough ilifaulu kwa sababu fedha ilikuwa ya wawekezaji na mfumo wa baadaye ukaanguka kwa sababu fedha ilikuwa ya makampuni. Peterborough ilifaulu kwa sababu mtu alikuwa langoni asubuhi, akimjua anayetoka, akiwa na muda wa kwenda naye. Mfumo wa baadaye ulianguka kwa sababu mtu huyo aligeuzwa namba katika jedwali la mkataba, na namba haipokei mtu langoni.

Kwetu Afrika Mashariki

Kwetu magereza yamekuwa na biashara tangu zamani. Tanzania ina SHIMA, shirika la uzalishaji mali la Jeshi la Magereza, na wakazi wa Moshi wanakijua kiwanda cha viatu cha Karanga. Kenya namba za magari hutengenezwa gerezani Kamiti, na mwaka 2018 likaundwa shirika la kuendesha biashara za magereza. Hizi zina heshima yake, na samani za magereza husifiwa kwa uimara wake. Ila kusudi lake la kwanza ni bidhaa na mapato ya jeshi, na mfungwa akishaachiwa hesabu yake nazo imekwisha. Hali kadhalika tuna sheria nzuri za adhabu nje ya gereza: Kenya tangu 1998 na Tanzania tangu 2002, mahakama huweza kumtaka mtu mwenye kustahili kifungo kisichozidi miaka 3 aitumikie jamii, na kifungo hiki cha nje humwacha mkosaji karibu na shamba lake na watoto wake. Lakini afisa wa uangalizi huwa na wilaya nzima mikononi, na mara nyingi usafiri wake ni nauli ya mfukoni.

Pengo, basi, ni lile lile la Uingereza, na huku limezidishwa na karatasi moja. Mwajiri wa Nairobi huomba hati ya polisi ya mwenendo mwema kabla ya kumwajiri hata mlinzi wa usiku, na aliyewahi kufungwa hujua kwamba hati hiyo itasema yote kabla yeye hajafungua kinywa. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1974 inayoruhusu hukumu nyingi kufutika katika macho ya mwajiri baada ya muda wa kutulia; bila ya kitu cha namna hiyo, biashara za kijamii huwa mlango pekee, na mlango mmoja hautoshi kwa maelfu wanaotoka kila mwaka, seuze katika mwaka wa msamaha wa Rais.

Laiti tungeyasoma makosa ya wenzetu kwa bei waliyolipa wao, tusingeanza kwa kutangaza zabuni za nchi nzima wala kwa kupiga picha za waziri mbele ya keki za wafungwa. Tungeanza kwa wilaya moja, kwa fundi cherehani au mwenye gereji aliye tayari, kwa mkataba unaolipa kazi kila mwezi na kupima matokeo polepole, na kwa sharti moja lisilopunguzwa: kwamba kila anayefunzwa ndani ajulikane kwa jina na mtu wa nje atakayemlaki, na kwamba wagumu wachaguliwe pamoja na wapole, maana biashara inayochagua wapole tu hujipamba kwa sifa ya watu ambao wangefaulu hata bila yake. Wajibu wa kulinda raia na kumsimamia aliyehukumiwa ubaki kwa dola, kwa kuwa ni dola iliyomfunga kwa jina letu sote. Na riziki yake baada ya hapo ishirikiwe na wale wanaojua kazi, wanaojua soko, na wasioona haya kumwita mfanyakazi mwenzao mtu aliyetoka jela jana.